Kitufe Kilichokawia

Kiegemeo cha karatasi kilikuwa kimekunjwa na kulazwa juu ya kabati, na kwa Bi Taratibu hilo lilitosha kumsimamisha katikati ya chumba.

Alikitazama kile kibao cha plastiki, ambacho mpiga chapa husimamishia kurasa anazozinakili, kwa muda mrefu hata Mkurugenzi wa ofisi ya tafsiri, aliyekuwa mlangoni na bahasha mkononi, akaanza kuhamisha uzito wake kutoka mguu huu hadi mguu ule. Jina la Taratibu alibandikwa na askari wenzake, kwa kejeli, enzi za utumishi wake katika upelelezi. Alipostaafu aliondoka nalo kwa hiari, kama mtu anayeomba aruhusiwe kwenda na kiti alichokizoea.

"Chumba hakijaguswa tangu juzi, mama," alisema Mkurugenzi. "Nilikifunga mwenyewe. Ila nakwambia ukweli, sioni la kutafuta humu. Kitabu kimefutwa, aliyekifuta tunamjua, na barua ya kumwachisha kazi ndiyo hii. Bodi inakutana alasiri. Nimekuita ili utaratibu ufuatwe tu."

"Basi tuufuate. Nieleze tena, kana kwamba sijasikia neno."

Mkurugenzi alivuta pumzi ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Kitabu chenyewe ni mwongozo wa wakunga, kazi kubwa kuliko zote ambazo ofisi hiyo imewahi kupewa, na maandishi yake yote yalikuwa katika faili moja kwenye kompyuta ya chumba hiki. Mpiga chapa ni Mama Chapa, ambaye hakuna mtu ofisini aliyemkumbuka kwa jina jingine. Juzi, saa ya chai, wafanyakazi wote waliteremka kantini, yeye akabaki amalizie ukurasa. Waliporudi walimkuta amesimama katikati ya chumba, waya wa umeme wa kompyuta mkononi. Walipoiwasha tena na kulifungua faili, kitabu hakikuwamo, na programu ilikuwa imekwisha kulihifadhi faili hilo hadi kwenye seva, ikaifunika nakala ya huko kwa utupu. Nakala ya zamani ilipatikana, lakini sura mbili za mwisho zilipotea.

"Na nakala hiyo aliipata nani?"

Mkurugenzi alikohoa. "Fundi. Fundi wetu wa kompyuta. Mtoto wa Mama Chapa."

"Ambaye ndiye unayemfukuza."

"Mama, kibodi ile ameichezea! Ameingiza humo programu yake, bila ruhusa yangu, bila ruhusa ya mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Chawa naye yu nguoni," alisema Bi Taratibu kwa upole, "lakini sijaona mtu anayechoma nguo. Kilibaki nini kwenye faili?"

"Takataka. Vipande vya maneno." Alimwonyesha picha aliyoipiga kwa simu. Kwenye ukurasa mweupe, juu kabisa, palikuwa na mstari mmoja: *ribu kumgeuza mtoto kwa*. Basi.

Bi Taratibu aliusoma mara mbili, akamrudishia simu yake, akaomba aitiwe Fundi.

Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi kupita kiasi, kama mtu anayehudhuria mazishi yake mwenyewe. Alisimama hadi alipoambiwa akae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa unifundishe. Katika mambo haya mimi ni mbumbumbu, na leo nataka niufaidi umbumbumbu wangu. Hii kibodi umeifanya nini?"

Kijana alimtupia Mkurugenzi jicho, kisha akaivuta kibodi mbele yake, na mara mikono yake ilipoigusa hofu ikampungua. "Vidole vya mama yangu vina baridi yabisi. Vile vidogo ndivyo vinavyomuuma zaidi. Sasa tazama: Kontroli na Shifti, vitufe ambavyo mpiga chapa anavihitaji kila dakika, vimewekwa pembeni kabisa, na kazi ya kuvifikia imeachiwa kidole kidogo, kilicho dhaifu kuliko vyote. Aliyepanga hivi hakuwa na mama anayepiga chapa."

"Kwa hiyo ukavisogeza."

"Nikavileta mahali vidole vinapopumzikia. Ndani ya kibodi mna chipu ndogo yenye programu yake. Hiyo ndiyo inayoamua kitufe kikibonyezwa kiseme nini. Niliiandika upya, kila kitufe cha katikati kikapata kazi mbili. J ukiigusa na kuiachia, ni J. Ukiikandamiza ikakawia chini, inageuka Kontroli. F ikikawia, ni Shifti. Na zile Shifti za pembeni sikuziacha zikae bure: ukizigusa tu, moja inafungua mabano na nyingine inayafunga. Mwongozo huu una mabano kama mchele wenye chuya."

"Na kitufe kinajuaje kwamba kimekawia?"

"Kwa muda. Nilikaa na mama nyumbani jioni nyingi, nikapima kila kidole chake hukaa chini kwa muda gani. Akiwa amepumzika, akiwa amechoka, siku za baridi vidole vikimsumbua. Nikachukua kilichochelewa kuliko vyote, nikaongeza juu yake. Kwa mkono wake, kibodi hii haikosei. Kwa mkono wa mtu mwingine sina dhamana."

"Kumbe ni kama kiatu cha kushonesha."

"Ni kama meno ya bandia, mama. Kinywa kimoja tu."

Bi Taratibu alicheka, kisha akaomba ajaribu. Aliandika jina lake la utani kwa uangalifu wote wa umri wake, na kompyuta, badala ya kuandika, ikafungua dirisha moja, ikalifunga jingine, ikamwuliza kama angependa kuchapisha. Alinyanyua mikono kama aliyekamatwa.

"Nimeelewa. Kama ungetaka kuubadilisha muda huo, ungefanyaje?"

"Ningeipindua. Kuna tundu chini yake. Ni lazima niingize sindano nibonyeze kitu kilichomo, ndipo chipu ikubali programu mpya."

Aliipindua mwenyewe. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kibandiko cha karatasi, na ukingo wa kibandiko ulikuwa umeshika vumbi la siku nyingi, limegandamana bila ufa. Alimwita Mkurugenzi atazame, akamwacha atazame hadi ashibe.

"Kizima," alikiri Mkurugenzi. "Lakini pengine aliitega tangu mwanzo."

"Ikalala kimya tangu mvua zilizopita, ikamngojea mama yake mzazi afike sura za mwisho?" Bi Taratibu aliirudisha kibodi mahali pake. "Mtego wa aina hiyo ungekuwa na subira kuliko mimi. Tuuache. Nieleze jambo jingine: mhudumu wa kantini ananiambia juzi ulifika chai umechelewa."

Uso wa Mkurugenzi ulibadilika. "Nilikuwa kwenye simu. Pale koridoni."

"Mbele ya mlango huu."

"Mama, unanishuku *mimi*?"

"Namshuku kila mtu, ndipo nipate wa kumwondoa. Kaa uniandikie mistari miwili. Chochote."

Mkurugenzi aliketi, akakunja mikono ya shati, akatoa kidole kimoja cha shahada na kuanza kuzisaka herufi moja baada ya nyingine, akizishtukia kila alipozipata. Fundi alitazama dari. Bi Taratibu alingoja mpaka mstari wa kwanza ulipokwisha.

"Inatosha. Mama Chapa anasema unapiga chapa kama kuku anayedonoa punje."

"Anasema hivyo?"

"Ofisi nzima inasema hivyo, na leo udonoaji wako umekuokoa. Fundi, ukitaka kulikusanya faili zima kwa mara moja, unabonyeza nini?"

"Kontroli na A kwa pamoja. Maandishi yote yanafungwa furushi moja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na ukishayafunga, herufi yoyote itakayofuata inalitupa furushi na kukaa mahali pake."

"Kwa hiyo vitufe viwili: kimoja kinakawia chini, cha pili kinabonyezwa kabla cha kwanza hakijaachiwa. Kidole kimoja hakiwezi. Mkurugenzi, wewe uko huru."

Mkurugenzi alishusha mikono ya shati lake kwa heshima iliyojeruhiwa kidogo.

"Sasa tazameni masalia," aliendelea. "*Ribu kumgeuza mtoto kwa*. Mtu mwenye nia ya kufuta hufuta na kwenda zake. Huyu alifuta, kisha akaendelea kuandika sentensi ileile kutoka pale alipokuwa amefika, bila kujua kilichotokea nyuma yake. Aliyefuta kitabu ndiye aliyekuwa anakiandika. Ni Mama Chapa."

Fundi aliinuka. "Haiwezekani. Nimekwambia, kwa mkono wake haikosei. Nilipima."

"Nakuamini, na ndiyo maana nina swali moja tu lililobaki, nalo si lako." Alimgusa bega. "Teremkeni wote wawili. Mwiteni mama."

Mama Chapa aliingia na mkoba kifuani, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu, na macho yake yalikuwa mekundu, ama kwa kilio, ama kwa kukosa usingizi.

"Karibu, dada," alisema Bi Taratibu.

"Nikaribie wapi, na chumba ni changu?" alijibu, lakini aliketi. "Kama ni kuhusu mwanangu, nishasema. Hakuwapo. Nilikuwa peke yangu."

"Umesema. Nani alikikunja kiegemeo cha karatasi?"

Mama Chapa aliukumbatia mkoba wake.

"Mpiga chapa aliye peke yake huzisimamisha kurasa mbele ya macho yake. Akikikunja kiegemeo, basi kuna mtu anayemsomea. Kiti cha pili kiko upande wako wa kulia, kimesogezwa hata kimegusana na chako. Na kurasa zenyewe" (alizinyanyua kutoka mezani) "zimesahihishwa kwa mwandiko unaofanana na safari ya mende aliyetumbukia katika wino. Nadhani ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kuusoma kwa sauti."

Kicheko kilimtoka Mama Chapa bila ruhusa yake. "Hata yeye hukwama."

"Daktari."

"Daktari," alikubali. Huyo alikuwa mganga mstaafu aliyepewa kazi ya kuhakiki mwongozo, mjane wa siku nyingi, ambaye kila mtu ofisini aliamini huondoka kabla ya chai. "Lakini dada, hakugusa kibodi. Hilo naliapia. Na yeye hana kosa, ndiyo maana nikaona hakuna haja ya kumwingiza mtu wa watu."

"Nakuamini. Aligusa nini?"

Mama Chapa aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya mkoba, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Alikuwa ananisomea pale pa kumgeuza mtoto tumboni. Sentensi yake ilikuwa ndefu, ngumu kama mfupa. Mimi nikawa naichapa kwa ufupi, kama mkunga atakavyoielewa saa ile hana nafasi ya kufikiri. Akatazama ninavyoiandika. Akacheka. Akaniwekea mkono."

"Juu ya mkono wako."

"Juu ya mkono wangu. Kidogo tu."

"Ilikuwa mara ya kwanza?"

"Ya kwanza alisema ananipima mapigo." Aliivaa miwani, akaivua. "Ya pili hakusingizia kitu."

"Na mkono wako wa kushoto?"

"Huo ni mpumbavu, huendelea na kazi hata nikisinzia."

"Macho yako yalikuwa kwenye kompyuta?"

"Dada, wewe nawe una maswali!"

Bi Taratibu aliandaa ukurasa wenye maandishi yoyote tu, akasogeza kibodi mbele ya Mama Chapa. "Niandikie sentensi ile. *Usijaribu kumgeuza mtoto kwa nguvu*. Nami nitakuwa Daktari, Mungu anisamehe."

Vidole vilianza, vyepesi kuliko mtu angevidhania kwa kuvitazama. Bi Taratibu alingoja kidole cha shahada cha kulia kilipoifikia J, akaulaza mkono wake juu ya mkono ule na kuubana kidogo, kama mtu anayesema ahsante. Kidole kikakawia chini. Mkono wa kushoto, kwa bidii yake, ukaibonyeza A. Ukurasa mzima ukageuka buluu. Bi Taratibu alinyanyua mkono, herufi iliyofuata ikaandikwa, na maandishi yote yakatoweka, ikabaki *r* peke yake, juu kabisa ya weupe.

Mama Chapa aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mimi niliona kitabu kinaungua," alisema hatimaye, "nikachomoa umeme. Kama mtu anayezima moto. Daktari nikamsihi aondoke kabla watu hawajarudi. Na hao wanasema ni mwanangu! Sikujua, dada. Niliona mambo hayo mawili hayana uhusiano, mkono na kitabu. Ningejua ningesema siku ileile."

"Najua. Sasa sikia: naweza kuandika kwamba kitufe kilikandamizwa kwa bahati mbaya. Sitakuwa nimedanganya, na hakuna atakayejua zaidi."

"Mwanangu asijue," alisema Mama Chapa upesi, kisha akajikaza. "Tangu baba yake afariki tumekuwa sisi wawili. Amenihangaikia mpaka vidole, umeona mwenyewe. Akisikia haya ataona nimemchoka."

Walikwenda pamoja hadi ofisini kwa Mkurugenzi. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani. Daktari alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi, na bunda la kurasa chini ya kwapa. Alikuja asubuhi kujitolea kuzisoma upya sura mbili zilizopotea, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Bi Taratibu alitoa taarifa yake kwa kifupi: kibandiko kizima, muda haukubadilishwa, hila haikuwepo, kitufe cha J kilikandamizwa kwa bahati mbaya mpiga chapa akiwa kazini.

"Kilikandamizwa na nini?" aliuliza Mkurugenzi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kumaliza jambo. "Fundi mwenyewe anasema kwa mkono wa mama yake hakikosei. Kama kimekosea bila sababu, basi kipimo chake ni kibovu, na kifaa kibovu kimeingizwa ofisini kwangu bila ruhusa. Barua inabaki palepale." Akachukua kalamu.

Fundi aliinamisha kichwa. "Labda nilipima vibaya," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ni kweli."

"Hukupima vibaya!"

Sauti ya Mama Chapa iliijaza ofisi. Aliuweka mkoba chini, akasimama wima mbele ya meza.

"Mwanangu hakukosea hata nukta. Aliupima mkono wangu, na siku ile juu ya mkono wangu palikuwa na mkono mwingine. Mkono wa Daktari. Aliniwekea, nami sikuutoa. Wala sikutaka kuutoa. Andika hivyo kwenye taarifa, iandikie na Bodi, sioni haya."

Kalamu ilibaki hewani. Mkurugenzi alimtazama Mama Chapa, akamtazama Daktari, akatafuta neno la kiofisi.

"Saa za kazi?" aliuliza.

"Ilikuwa saa ya chai," alisema Daktari. Masikio yake yalikuwa yamewiva, lakini aliondoka dirishani akaja kusimama kando ya Mama Chapa, si mbele yake, wala si nyuma. "Nilipaswa kusema mapema. Sikujua kuwa ni mimi niliyefuta kitabu. Kama kuna barua ya kuandikwa, iandikwe kwa jina langu."

Mkurugenzi aliiangalia bahasha kwa muda. Kisha akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni, akasema kuwa Bodi ataieleza mwenyewe, kwamba ilikuwa ajali ya kiufundi, na kwamba kuhusu ufundi wenyewe hataulizwa zaidi, maana hakuna mjumbe atakayependa kuuliza.

Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanamtazama Fundi.

Kijana alikuwa bado ameketi. Alimtazama mama yake kana kwamba ni chombo alichokifungua mara mia na leo amekikuta na chumba asichokijua. Bi Taratibu, aliyekuwa amewahoji wezi na wauaji bila kupepesa jicho, aligundua kuwa amelishika pindo la mtandio wake kwa mikono yote miwili.

Fundi aliinuka, akamkabili Daktari.

"Asubuhi," alisema, "usimsemeshe kabla hajavaa miwani."

"Samahani?"

"Akisema hana njaa, ana njaa. Akisema hajachoka, mnyang'anye karatasi. Siku za baridi vidole humuuma tangu alfajiri, na hasemi. Ukimwambia pole atakukasirikia, kwa hiyo mpashie maji tu uyaweke karibu naye, unyamaze."

Daktari aliitikia kila neno kwa kichwa, kwa makini ya mwanafunzi.

"Mimi si mashine ya kukabidhiwa kwa maelezo!" alisema Mama Chapa, lakini machozi yalikuwa yamekwisha kumshinda, naye aliyapangusa kwa leso, akicheka.

"Na ule mkono," alisema Fundi.

Daktari alisubiri.

"Msubiri kwanza amalize sentensi."